Kuchapa na wenzako

Jamani, ukipata nafasi ya kuchapa picha kwa mbao zilizochongwa pamoja na wengine, usiiache. Leo tulikuwa na picha ya rangi tatu, kila rangi na ubao wake wa kuchonga. Mmoja anapaka ubao wino kwa rola, mwenye mikono safi ndiye anayelaza karatasi juu yake (huyo haruhusiwi kugusa kitu kingine kabisa!), mwingine anasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko cha mti, akikaza zaidi penye weusi mwingi.

Mimi napenda kusikiliza rola. Wino ukiwa sawasawa hutoa mlio mwembamba kama mafuta yanayokaanga. Ukizidi, rola inanata kwa sauti nzito, na ile mistari myembamba uliyoihangaikia kwa patasi inazibika.

Japani enzi za Edo (1603–1868) picha ilipita mikononi mwa mchoraji, mchongaji, mchapaji na mchapishaji aliyegharamia. Mara nyingi jina la mchongaji halikuwekwa kwenye picha. Hilo linaniuma kweli. Kwetu kila nakala tunasaini wote kwa penseli, chini ya picha, pembeni ya namba yake.