Mnazi wa Babu

Babu alikwisha kuniuliza mara tatu mimi mtoto wa nani, na Bagamoyo ndiyo kwanza inaanza kuonekana. "Wa Mwanaidi, babu." "Aa, Mwanaidi!" Kisha kana ya usukani mkononi, macho pwani, amenisahau.

Ilikuwa Agosti 2009, kusi inavuma, tunarudi na mashua kutoka miambani. Mimi nilikuwa likizoni, nasoma saikolojia, kichwa kimejaa Henry Molaison. Ndiye yule Mmarekani aliyeondolewa sehemu ya ubongo mwaka 1953 ili atibiwe kifafa, na tangu hapo jambo jipya likawa halimkai. (Vitabu vilimwita H.M. tu mpaka alipofariki Desemba 2008.) Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akitazama kiooni. Siku ya tatu mkono ulikuwa mwepesi, mwenyewe hakumbuki kuifanya. Nikasema babu ndiye huyu: mkono umeweka akiba ya mienendo yake.

Lakini nilipoutazama, mkono haukurudia kitu. Upepo ukizidi anaivuta kana, wimbi likimpiga ubavuni anaisukuma, mara anailegeza kabisa. Kilichobaki vilevile ni macho kutafuta kitu kilekile: mnazi, na nyuma yake paa la Boma la Wajerumani. Nikamkumbuka William Powers, aliyeandika mwaka 1973 kwamba kiumbe hatawali matendo yake, bali hutawala anachokiona na kukihisi. Kumbukumbu humpa kipimo cha vile mambo yanavyotakiwa kuwa. Darasani nilimpuuza. Nilimwona mtu wa mitambo, hana habari na ubongo.

Ghafla mashua ikaanza kuyumba.

"Mnazi wangu uko wapi?"

"Ulikatwa, baba. Mwezi wa tatu," mjomba akajibu.

"Inna lillahi!" Kama kapewa habari ya msiba. Hazikupita dakika mbili: "Mnazi wangu uko wapi?" Omo, mbele ya mashua, ikaenda kulia, ikarudi kushoto. Hapo nikawaona Molaison na Powers wamepanda chombo kimoja. Kipimo cha babu kilikuwa kizima. Kilichoharibika ni njia ya kukibadilisha.

Mjomba hakubishana tena. Akaenda omo, akasimamisha kasia, akalilinganisha na paa la Boma. "Ule pale, baba."

Kana ikatulia.

Tulipopwelea, babu akateremka, akaketi juu ya kisiki kukamua kikoi chake. "We mtoto," akaniita, "wa nani wewe?"