Nilivyonyoosha mpigo wangu kwenye pool

Nacheza pool ya mezani hapa Malindi, upande wa Maweni, na shida yangu ilikuwa mipira ya mbali, ya karibu naingiza vizuri lakini wa mbali unagonga mdomo wa shimo unatoka. Watu waliniambia ni macho. Si macho, ni miguu, hilo sina shaka nalo hata kidogo.

Kuna mzee tunamwita Ami, nikamuuliza, Ami nifanyeje? Akaniambia, "Mwanangu simama kwanza, mpira hauna pa kukimbilia." Basi akanionyesha: unasimama wima nyuma ya mpira mweupe, ule unaoupiga kwa fimbo, unaangalia njia, mguu wa kulia unaukanyaga palepale kwenye mstari wa njia hiyo, wa kushoto unatangulia mbele kidogo na kutanuka usawa wa mabega, goti lake limekunjika, ndo unainama sasa, unashuka moja kwa moja juu ya fimbo, usishuke kisha ukaanza kujisogeza. Akanisukuma bega kwa kidole. Ukiyumba, inuka uanze upya.

Mkono nao, kutoka kiwiko kwenda chini uning'inie wima ncha ya fimbo ikiwa karibu na mpira, kiwiko kitulie, fimbo ishikwe kwa ulaini manake ukiikaba kifundo kinapinda na mpira mweupe unaenda na mzunguko wa pembeni. Kidevu chini. Mtazameni Steve Davis, bingwa wa dunia wa snuka, mchezo unaofanana na pool, mara 6 kati ya 1981 na 1989, kidevu chake kinagusa fimbo kabisa.

Zoezi lililonisaidia zaidi ni la chupa tupu ya soda, unailaza juu ya meza unaingiza ncha ya fimbo kwenye shingo ya chupa, mbele nyuma mbele nyuma polepole, bila kugusa kioo. Ukisikia ile ting, ujue mkono umepinda. Kuna na lile la kupiga mweupe peke yake uguse ukingo wa mbele wa meza kisha urudi kwenye ncha ya fimbo yako, zuri sana ila utafute meza iliyokaa sawa, zingine zimeinama zitakudanganya bure.

Halafu joto letu la kaskazi, jasho linafanya fimbo inate kwenye vidole, wengi wanajipaka poda na kitambaa cha meza kinaharibika, mimi naipangusa fimbo kwa tambara lenye unyevu kidogo halafu kavu, inateleza vizuri tu.

Saa hii mipira ya mbali naingiza. Ninachokazania ni mweupe ukiganda ukingoni, hapo fimbo lazima uinyanyue nyuma kidogo na ule utulivu wa mkono unaanza kutafutwa upya.