Ubani kwenye kabati la mvuke

Vitabu vinasema etha, kiyeyusho cha maabara kinachoshika moto upesi, huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Tabora iko kama mita 1,200 juu, kanieneo ya hewa ni ndogo, na etha huchemka karibu na nyuzi 31. Oktoba, kabla ya mvua, joto la mchana hupita hapo. Chupa ikiachwa wazi mezani saa nane, inatokota bila moto.

Hoja hiyo ndiyo niliyoing'ang'ania kwenye kikao cha bajeti, tulipokuwa tunaandaa maabara mpya ya utafiti wa kemia ogani. Tulitaka kuchunguza magome ya miti ya miombo na gundi ya nyuki. Wenzangu walitaka mashine kubwa zitangulie, mgeni akiingia azione. Nikasema kwanza hewa. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili. Hutambaa sakafuni mpaka ukutane na cheche ya friji chumba cha pili. Kabati la kufyonza mvuke la kuagiza nje hatukulimudu, wakakubali litengenezwe hapahapa.

Fundi bati alikuwa mzee wa Isevya, mzoefu wa mifereji ya mvua. Aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu.

"Mama, kona hizi mbili zitaua upepo. Tutoboe paa, bomba lipande wima."

Tukatoboa. Mota ya feni ikafungwa nje ya bomba, ikizungusha feni kwa mkanda, cheche zake zisigusane na mvuke.

Vioo, stendi na mizani vilifika bila taabu. Maji ndiyo yaliyonisumbua. Kondensa, bomba la kioo la kupoza mvuke urudi kuwa kimiminika, inataka maji baridi yatiririke muda wote wa jaribio, na mji ule wakati huo ulikuwa unategemea bwawa la Igombe. Kuacha bomba wazi kutwa nzima huku majirani wanapanga ndoo niliona ni dhambi. Tukaweka pipa, pampu ndogo ya kuzamisha na chupa za barafu, maji yaleyale yakawa yanazunguka.

Siku ya kujaribu kabati hatukuwa na kipima upepo. Mdomoni pake hewa inatakiwa iingie kwa kasi ya kama nusu mita kwa sekunde. Mzee akamtuma kijana wake alete chetezo na ubani. Kioo cha mbele kikiwa juu kabisa, moshi ulizunguka, mwingine ukatupiga usoni. Akakishusha polepole, kilipofika usawa wa kiwiko, moshi wote ukalala, ukaingia ndani. Akapiga alama ya rangi nyekundu pale pale. Kisha akapitisha chetezo kila pembe. Upande wa kushoto moshi ulirudi nje.

"Ni dirisha," akasema.

Tukalifunga, moshi ukaingia. Akakata matundu chini ya mlango ili hewa ya kuingia ipate njia, akarudia kupima pembe zote. Nilimpenda sana kwa kurudia kule.

Dirisha likakomewa jioni hiyohiyo. Kesho yake nikaandika oda ya kwanza ya viyeyusho: ethili asetati, ethanoli na heksani.