Duara Lisilo na Rangi

Mwaka 2015, nilipokuwa nikichora katika karakana moja ya uchoraji wa Tingatinga huko Oysterbay, Dar es Salaam, mteja aliagiza picha kubwa ya samaki wa bahari yetu. Hadi wakati huo nilikuwa nikichora samaki kwa kufuata picha za wenzangu, kama ambavyo wengi wetu huchora simba bila kuwahi kukanyaga Serengeti. Safari hii nilitaka kuwaona wenyewe, nikamwomba mvuvi mmoja mzee wa Kunduchi anipeleke kwa ngalawa yake hadi karibu na kisiwa cha Mbudya.

Eneo hilo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na uvuvi wa baruti ulikwisha kupigwa marufuku nchini kabla ya hapo. Hata hivyo, tukiwa bado njiani tulisikia mshindo ukipita chini ya maji na kugonga ubavu wa ngalawa. Mzee hakushtuka. Alinieleza kwamba samaki wengi hupasuka kibofu cha hewa na kuzama, hivyo mpiga baruti huacha chini mali nyingi kuliko anayookota juu.

Nilivaa miwani ya kuzamia nikatazama. Upande mmoja palikuwa na matumbawe ya zambarau na manjano, samaki aina ya pono na kangaja wakipishana. Hatua chache mbele palikuwa na duara la vifusi vya kijivu, pasipo kiumbe hata kimoja kinachosogea.

Kazi ngumu ilinisubiri karakanani. Mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 hutumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi, mnyama akitawala picha na vitone vikimpamba. Ni mtindo wa furaha, na kwa maoni yangu haujui kuchora kifo. Kila kijivu nilichochanganya kiling'aa kama gari jipya. Mwishowe nililiacha duara lile bila rangi kabisa, hadibodi ikabaki wazi na ukahawia wake.

Mwalimu wangu alisimama nyuma yangu kwa muda. "Kijana, mteja hanunui msiba," alisema. "Jaza hapo." Sikubishana naye, kwani karakana ililishwa na wateja hao hao, nilichora picha nyingine iliyojaa samaki kona hadi kona, na hiyo ndiyo iliyouzwa.

Ile ya kwanza nilimpelekea mzee wa Kunduchi. Aliikagua kama mtu anayekagua wavu, akauliza ni nani aliyewatawanya kangaja wangu kila upande, ilhali mkondo ukivuta huelekeza vichwa vyao kunakotoka maji. Kisha akaweka kidole kwenye duara.

"Hapa umepabana mno, mwanangu. Kule ni kupana kuliko hivi."

Nilirudi nayo karakanani, nikachukua msasa na kuanza kuwafuta pono wa pembeni.