Mzani kashika nani?

Likizo ile niliingia Wete na begi lenye madaftari mengi kuliko nguo. Nilikuwa mwaka wa tatu pale Mlimani, Dar es Salaam, nikiandika kuhusu mkataba wa biashara uliotiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833, baina ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Marekani. Nilikuwa nimetoka kwenye hifadhi ya nyaraka, Kilimani, Unguja, nikinakili kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu. Nilishajiona mwanahistoria.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yametandikwa uani, harufu imeingia hata kwenye chai. Babu alikuwa barazani akichambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Ujanani alikuwa karani wa mzani kwa tajiri mmoja. Nikamshika mkono, nikakaa, na kabla sijanywa maji nikaanza kumhutubia.

Nikamweleza habari za Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire, aliyekuwa Unguja mwaka 1828 akachukizwa na masharti ya biashara, kisha akarudi na mamlaka ya rais wake. Mkataba ukasema mzigo wa Mmarekani ukishushwa pwani unalipa ushuru wa asilimia 5, basi. Hakuna tena ada ya nanga wala ya rubani. Nikamfunulia jedwali langu: pembe za ndovu frasila kadhaa, kila frasila ratili 35, zidisha, toa. Faida imetoka mpaka senti.

Babu hakulitazama jedwali.

"Hizo frasila, mzani kashika nani?"

"Forodha, babu."

"Forodha si mtu."

Akavuta pishi, kile chombo cha kupimia, akaijaza karafuu mbichi, akapitisha kiganja juu. "Pishi ya mfuto." Akaijaza tena, safari hii ikapanda kichuguu, nyingine zikimwagika miguuni pake. "Ya tele. Nayo pishi moja. Kwenye daftari lako utaandikaje?"

Sikuwa na jibu, na nakiri nilikasirika kidogo. Mzee hajasoma, nilijisemea.

Lakini swali lake ndilo lililonipa kazi ya maisha. Forodha ya Unguja enzi zile haikuwa idara ya serikali. Haki ya kukusanya ushuru ilikodishwa, na aliyeikodi alikuwa Jairam Shivji, tajiri wa asili ya Kutch. Mwaka 1837 akaja Richard Waters kutoka Massachusetts, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, naye mwenyewe mfanyabiashara. Hao wawili wakaelewana. Basi mkataba uliowapa Wamarekani wote haki sawa ukawa, pale forodhani, mkononi mwa watu wawili, na wafanyabiashara wenzake Waters wakalalamika. Kwenye vifungu vya mkataba hulioni hilo hata ukivisoma mara mia. Nililikuta kwenye barua, kwa sababu nilishajua la kutafuta.

Jioni ile wachumaji wakarudi na makanda yao. Wao hulipwa kwa pishi. Babu akanikabidhi kipimo.

"Leo apime msomi."

Nikajaza. Hakuna aliyenitazama usoni. Macho yote yalikuwa kwenye kiganja changu. Kichuguu kikapanda, nami sijui nikikate au nikiache, na Babu kageuka anaangalia barabarani kama hayumo.

"Mwanangu," akasema mama mmoja taratibu, "pitisha mkono hapo juu."

Nikapitisha.