Kunde na wali bila mafuta ya kuelea

Tangu niliporudi Lubumbashi, baada ya miaka mingi niliyoishi Carolina ya Kusini, Marekani, jiko la Jumapili nyumbani kwetu Katuba limeangukia mikononi mwangu, na chakula ambacho ndugu huniagiza kuliko vingine ni kunde na wali kwa namna ya watu wa kule, ambao hukiita Hoppin' John na kukila hasa siku ya Mwaka Mpya. Wengi wameniuliza ninakipikaje kwa mafuta kidogo na chumvi kidogo bila kukigeuza chakula cha wodini. Nimeona niandike kwa utaratibu, kwa kuwa ushauri mwingi unaotolewa juu ya vyakula vyepesi ni wa kuondoa tu: ondoa mafuta, ondoa chumvi, ondoa nyama, kisha vumilia. Sufuria ya kunde iliyopikwa kwa uvumilivu haimalizwi na mtu.

Kwanza tujue uzito wa chakula hiki unatoka wapi, maana kunde zenyewe hazina hatia. Gramu 100 za kunde zilizochemshwa kwa maji matupu zina takriban kalori 116, protini inayokaribia gramu 8, nyuzinyuzi zaidi ya gramu 6, na mafuta yasiyotimia hata gramu 1. Zikiliwa pamoja na wali hukamilishana, kwa kuwa protini ya kunde ina lisini nyingi na methionini kidogo (hivyo ni viwili kati ya viini vinavyojenga protini), na ya mchele ina upungufu na wingi wa kinyume chake. Mzigo wote unaingia sufuriani pamoja na nguruwe. Kitabu kimoja cha mapishi kilichochapishwa Charleston mwaka 1847 kinaagiza ratili moja ya bekoni, yaani karibu gramu 450, kwa painti moja ya kunde nyekundu na painti moja ya mchele. Painti haifiki hata nusu lita, kwa hiyo katika mapishi hayo nyama ya nguruwe ilikuwa na uzito unaolingana na wa kunde au hata kuuzidi, na nyama ya namna hiyo mara nyingi huwa na mafuta kati ya theluthi na nusu ya uzito wake.

Sitaki kuwalaumu waliopika hivyo. Kunde ni mmea wa Afrika. Ulivuka bahari pamoja na watu waliotekwa na kuuzwa utumwani, na chakula hiki kilikomaa mikononi mwa watu hao na wazao wao katika mashamba ya mpunga ya pwani ya Carolina na Georgia. Mtu aliyeshinda ndani ya maji ya majaruba kutwa nzima alihitaji kila kalori aliyoweza kuipata, na vipande vya nguruwe alivyoachiwa vilikuwa vile ambavyo bwana wake hakuvitaka. Sisi tunaokaa dukani, ofisini au kwenye usukani wa teksi hatuna kazi ya kuyachoma mafuta hayo.

Lakini nguruwe yule alikuwa akifanya kazi tatu ndani ya sufuria: alileta moshi, alileta chumvi, na alilainisha mchuzi hadi ukawa mzito na kushikamana na wali. Anayemwondoa bila kuweka kitu cha kuzifanya kazi hizo atapata kunde za rangi ya kijivu zisizo na la kusema. Kule Marekani wanaopika kwa wepesi hutumia bawa au shingo ya batamzinga iliyokaushwa kwa moshi, na ninakiri kwamba inaleta harufu nzuri; ila batamzinga wa dukani huwa ameloweshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuingia kwenye moshi, hivyo unapunguza mafuta na kuongeza kile ambacho mtu mwenye shinikizo la damu amekatazwa. Mama yetu ni mmoja wa hao. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai hivi, tena ikihesabiwa pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate, soseji na kyubu za supu.

Hapa ndipo Lubumbashi inapoishinda Carolina. Moshi tunao sokoni, umelala juu ya meza za akina mama wanaouza samaki. Ninachagua samaki wa kukaushwa kwa moshi, wa mtoni au ziwani, wanaotoka upande wa Kasenga kwenye mto Luapula, na ninawapita kwa heshima wauzaji wa makayabu na bitoyo, maana samaki hao wamehifadhiwa kwa chumvi, na hata ukiwalowesha usiku kucha bado watakutawalia sufuria. Samaki mzuri wa moshi ni mkavu, mwepesi mkononi, na ukimvunja karibu na mgongo harufu inatoka mara moja; akiwa na unyevunyevu na harufu ya uchachu, mwache hapo alipo. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha sufuria ya watu sita. Ninakiosha kwa maji ya moto, ninatoa miiba mikubwa na magamba, kisha ninakiweka pamoja na kunde tangu mwanzo, kwa sababu moshi unahitaji muda wa kuingia ndani ya punje.

Kunde ninazitumia vikombe viwili na mchele kikombe kimoja, tofauti na mapishi ya zamani yaliyotoa sehemu sawa. Badiliko hilo peke yake lina faida kuliko kuhangaika kutafuta mchele wa kahawia, ambao kwetu ni adimu, bei yake haina huruma, na huchukua karibu dakika 45 motoni. Mchele mweupe wa kawaida haudhuru ukiwa mchache kuliko kunde. Ninachambua kunde kwanza, maana vijiwe havikosekani, kisha ninazilowesha kuanzia asubuhi na kumwaga maji yale. Si lazima, kwa kuwa kunde huiva upesi kuliko maharagi, lakini kuloweka kunapunguza sukari zinazojaza tumbo gesi, na pia kunaokoa makala, yaani mkaa. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka karibu nyuzi 96, si 100, kwa hiyo kila kitu cha punje kinakawia kuiva kuliko nilivyozoea kule Carolina, ambako sehemu kubwa ya jimbo ni tambarare isiyoinuka sana kutoka baharini. Wapo wanaoharakisha kwa kutia bikarbonati, ile soda ya kuokea. Siipendi: inaongeza sodiamu, inaharibu vitamini B1, na inaacha ladha ya sabuni.

Kitunguu ndicho kinachochukua nafasi ya ulaini wa nguruwe, na hapo sina ubahili. Ninakata vitunguu vitatu vikubwa vyembamba, ninavitia katika kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kawaida, ninafunika, na kuviacha juu ya moto mdogo hadi vijilainishe kwa maji yake vyenyewe. Vikianza kushika chini ninanyunyiza maji ya kunde kijiko kimoja kimoja badala ya kuongeza mafuta. Baada ya robo saa au zaidi vinakuwa vya rangi ya asali na vimeshikana. Ninaongeza vitunguu saumu, pilipili hoho na jani la bay la kunukia, kisha ninavimimina juu ya kunde zilizokwisha kulainika, pamoja na chumvi nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima. Nyanya huja baadaye, kamwe si kabla, kwa sababu uchachu wake hukaza maganda ya kunde na kuzifanya zigome kuiva. Vijiko viwili vikubwa vya kunde ninaviponda ukingoni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito, na hiyo ndiyo kazi ya tatu ya nguruwe, imefanyika bila tone la mafuta.

Mchele uliooshwa unaingia wakati mchuzi umebaki kiasi cha kuzidi kunde kidogo tu. Kile kitabu cha mwaka 1847 kinasema kwamba wali ukishachemka nusu saa, sufuria itolewe kwenye moto na kuwekwa juu ya makaa ili umalizikie kwa mvuke. Nilipokuwa Carolina, nikipikia jiko la umeme, maneno hayo sikuweza kuyafuata. Hapa ninasogeza makala pembeni mwa mbabula, jiko letu la mkaa, ninaacha vipande vichache vilivyokwisha kuwa na majivu, ninafunika sufuria kwa kifuniko kizito, na wali unaiva punje kwa punje kama ulivyokusudiwa. Kwa mchele wetu nusu saa ya kuchemka ni nyingi mno. Dakika kumi kwenye moto na robo saa kwenye majivu zinatosha.

Ugumu wenyewe haukuwa wa upishi. Kwetu hatuna desturi ya kuingiza wali ndani ya kunde. Wali hukaa upande wake na maharagi upande wake, na watu wengi hawahesabu kwamba wamekula mpaka bukari, yaani ugali, ipite. Zaidi ya hayo, mafuta yanayoelea juu ya mchuzi ni heshima kwa mgeni: yanaonyesha kwamba mwenye nyumba hakubana mkono. Yaya wangu, dada mkubwa ambaye ndiye aliyelitawala jiko hilo wakati wote nilipokuwa ughaibuni, aliinua kifuniko, akaangalia, akaniuliza mbele ya wote: "Mudogo wangu, hii njo chakula ya mugonjwa? Mafuta iko wapi?" Mama akamjibu kwa upole: "Lete, tuonje kwanza." Yaya alionja, akakaa kimya, akaongeza pilipili, akala. Hakusema ni kitamu. Jumapili iliyofuata alinitangulia sokoni kununua samaki, na kwa anayemfahamu, hiyo ni sifa tosha.

Tulipatana naye juu ya mawese. Mimi nilitaka yasiingie kabisa, kwa kuwa karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, ambayo haifai kwa mishipa ya moyo. Yeye alisema kunde zisizo na rangi haziwekwi mezani. Sasa ninatia kijiko kimoja cha chakula mwishoni, sufuria ikiwa imeshatoka motoni. Mawese yakichomwa hadi yapauke, kama tunavyofanya mara nyingi tunapokaanga, yanapoteza ile karotini inayoyapa wekundu na ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Yakitiwa mwisho, rangi na harufu vinabaki, na kijiko kimoja kinaonekana kama vitatu. Pamoja na kile cha vitunguu, ni vijiko viwili kwa watu sita, takriban kalori 240 zikigawanywa kwa wote. Ndimu inakamuliwa kwenye sahani, si sufuriani, na asiyeijaribu hataamini jinsi inavyoziba pengo la chumvi.

Watu wa Carolina hula chakula hiki na majani ya jamii ya kabichi pamoja na mkate wa mahindi, wakisema kwamba kunde ni sarafu, majani ni noti na mkate ni dhahabu. Sarafu hizo mimi sijaziona, lakini majani ninayaunga mkono. Ninaweka lengalenga au matembele yaliyochemshwa kwa muda mfupi, bila karanga wala mafuta, na kwa sahani ya Mama ninayafanya yawe mengi kuliko wali.

Mabaki yana masharti yake. Wali uliopoa polepole jikoni, hasa siku za joto na umeme ukiwa umekatika, huzalisha bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukiupasha upya, na kwa sababu hiyo, tukijua kwamba friji haiaminiki wiki hiyo, ninachota kunde za kesho kabla ya mchele kuingia na kuzihifadhi peke yake. Asubuhi ninazichemsha tena zitokote sawasawa. Yaya huzila na chai na mkate, jambo ambalo sijawahi kuliona Carolina, na Mama huzila na lengalenga zilizobaki.