Shangazi na viatu vya misumari

Jana nafungua begi hapa Ngamiani, Tanga, shangazi akachomoa kitu akakishika kwa ncha za vidole, utadhani kaa aliye hai. "Mwanangu, mitego hii ya panya umeitoa wapi?"

Si mitego. Ni mpira unaouvuta ukauvalisha juu ya kiatu chako cha kawaida, unaanza mbele kisha unamalizia kisigino, na chini una vijisumari vya tangsteni kabaidi (kitu kigumu kupita chuma) vya kung'ata barafu. Kule Minneapolis, Marekani, mwezi wa Januari mimi siendi hata kutupa taka bila hivyo. Watu wanadhani theluji ndiyo inayoangusha. Theluji mpya ina afadhali, ukiikanyaga inalia kwara kwara. Adui ni ile barafu iliyoyeyuka mchana ikaganda tena usiku, na mbaya zaidi ni ikiwa na maji juu, baridi ikikaribia nyuzi 0. Mwaka wangu wa kwanza niliona aibu kuvaa (kwenye lami kavu vinalia kama kwato za punda), nikaanguka mbele ya kituo cha basi, mkate kule, mimi huku. Wiki 3 nakalia upande.

Basi shangazi akavivalisha kwenye kandambili, huyoo sebuleni. Kabla sijamaliza kusema "vua, kwenye marumaru vinateleza!" keshadaka pazia. Pazia likaja na fimbo yake. Yeye hajambo, kakaa chini anacheka. Marumaru zina mikwaruzo 2, na mumewe bado hajarudi kutoka msikitini.